Gauni la Kijani na Tumbo Ninalotaka Kulipunguza

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu,

Naomba unisaidie, na ukishanisaidia unigombeze, maana najua utanigombeza tu, hata mimi ningekuwa kwenye kiti chako ningefanya hivyo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mapacha wa kiume wako shule ya msingi na kitinda mimba wa kike ndiyo kwanza ameanza kusema sentensi nzima, na kazi yangu ni fundi cherehani, nashona magauni ya maharusi. Mume wangu naye ni fundi, yeye ni wa suti, na tuna chumba kimoja cha kazi kando ya barabara, cherehani yake iko upande wa mlango, yangu iko upande wa dirisha, meza ya kukatia iko katikati, na kule nyuma kuna pazia ambako wateja wanajaribishia nguo. Nakueleza haya ili uelewe kwamba mimi na mwanamume huyu tunaonana kutwa nzima, hakuna pa kuficha hata sindano, na bado tumefichana.

Ngoja nianzie kwenye tumbo lenyewe. Shangazi, mapacha waliniachia tumbo, na huyu mdogo akaja kumalizia. Si kitambi, kitambi nakijua, nimepima vitambi vingi vya mabwana harusi. Hili langu ni ngozi iliyobaki baada ya kazi kwisha, inaning'inia, nikikaa inakaa mapajani, nikiinama kuokota pini inatangulia yenyewe. Halafu katikati, juu ya kitovu, nikijaribu kuinuka kitandani panasimama mwinuko kama paa la kibanda, na nikishika pale kwa vidole naona vinazama, hakuna kitu kinachoshikilia. Mgongo nao unaniuma kiasi kwamba nikishona pindo refu lazima nikaegemee ukuta. Nimekimbia asubuhi, nimeacha sukari, nimeacha chapati, uso ukakonda, mikono ikakonda, tumbo likabaki pale pale linanitazama. Mtu pekee anayelipenda ni huyu mdogo wetu, analilalia kila mchana na kuliita mto wake.

Nilikuwa nimelizoea, Shangazi, sikudanganyi, nilikuwa nalifunika na mambo yanaenda, mpaka siku moja akaja binti mmoja karani wa benki kujaribisha gauni lake, nami nimepiga magoti mbele yake napachika pini kwenye pindo, pini nyingine zimejaa mdomoni, akainama akanipapasa tumbo kwa upole kabisa akasema, "Hongera fundi, unatarajia lini?" Mimi sikuweza kujibu, ningemeza pini. Mume wangu kutoka kwenye cherehani yake akadakia haraka haraka, "Anatarajia usimame wima, dada, pindo linakwenda upande." Wote wakacheka, na mimi nikacheka na pini zangu mdomoni, kisha nikaenda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta chaki, nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Sasa hapa lazima nikueleze sheria ya nyumba yetu, bila hiyo hutaelewa kilichofuata. Tangu tuoane tulikubaliana kwamba fundi hajishonei. Nguo zake zote nazishona na kuzirekebisha mimi, nguo zangu zote anazishona na kuzirekebisha yeye, na siku ya kufanya kazi hiyo ni Jumamosi tukishafunga mlango, kila mtu anachukua kikapu cha mwenzake. Ilianza kama mzaha wa wachumba, ikawa desturi, na ninaipenda kuliko kitu chochote tulichonacho. Kwa hiyo mimi tangu niolewe sijawahi kutia mkono kwenye mshono wa nguo yangu mwenyewe, na wala hajawahi kunipima kwa futi, anasema vipimo vyangu anavyo kichwani. Kila akinirudishia nguo ananitupia begani na kusema, "Vaa, bosi, uko vilevile." Na kweli ninavaa, zinaniingia, zinafunga. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yangu, Shangazi, nilikuwa najiambia tumbo limelegea sawa, lakini mwili haujabadilika, ushahidi ni nguo zangu za usichana ambazo bado zinaniingia.

Basi baada ya yule binti wa benki nikafunga safari kimyakimya kwenda kumwona daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani ya kamba. Na kama fundi nilijiandaa kifundi, yaani kabla sijatoka nilisimama mbele ya kioo cha wateja nikachora tumbo langu kwa chaki, mstari wa chini wa kukatia, mstari wa juu wa kukatia, na alama za kuunganishia kulia na kushoto, nikavaa gauni pana nikaenda. Daktari alipofunua akaniuliza, "Hii kazi umeshaianza mwenyewe?" Tukacheka wote mpaka muuguzi akachungulia.

Akanieleza kwa lugha yangu, sijui kama na wengine huwaeleza hivyo. Akasema mistari yangu haiko mbali na yake, lakini mimi nimefikiria kitambaa cha juu tu. Kwanza anakata chini kabisa, kutoka nyonga hadi nyonga, mahali nguo ya ndani inapofunika, kisha anaiachanisha ngozi na mafuta yake kutoka kwenye misuli mpaka juu karibu na mbavu, kama mtu anavyotenganisha kitambaa na bitana. Ndipo anaiona misuli ile miwili iliyotakiwa kusimama bega kwa bega, ambayo mimba zangu zimeisukuma kila mmoja kwake, na anaivuta irudi katikati, anaishona kwa uzi imara kutoka juu hadi chini. Alisema hapo ndipo umbo linapobadilika hasa, si kwenye ngozi. Baada ya hapo ngozi inavutwa chini, inayozidi inakatwa. Nikamuuliza kitovu je, si kitashuka nacho mpaka kwenye nyonga? Akasema kitovu hakishuki, kinabaki kwenye shina lake, ila ngozi mpya ikishavutwa juu yake anaitoboa tundu na kukichomoza, kama tundu la kifungo. Nilimwelewa vizuri sana, nikaona hii ni kazi kama ya kwangu, mtu anaingia Jumatatu, anashonwa, wiki inayofuata yuko kwenye cherehani.

Akaniuliza, "Umemaliza kuzaa?" Nikajibu, tumemaliza. Shangazi, hatujawahi kukaa kulizungumza, yeye hupenda kutania kwamba huyu wa kike anahitaji mwenzake, nami hucheka. Akaniuliza, "Nyumbani nani atakuhudumia?" Nikasema mume wangu, anajua kila kitu. Hajui chochote. Daktari amenipangia mwisho wa mwezi, na mume nimemwambia siku hizo nitakwenda kwa dada yangu mkubwa kumsaidia kuhama nyumba, nitakaa huko wiki, na dada amekubali kunipokea lakini kila siku ananiambia roho yake haijatulia. Akiba ninayo ya kwangu, hilo lisikusumbue.

Kabla sijatoka muuguzi akanipima kiuno. Namba aliyoitaja nikamwambia hapana, hiyo futi yako imevutika, futi za kitambaa zikizeeka zinalegea, mimi ni fundi najua. Akasema, "Mama, hii ni mpya, nimeitoa kwenye karatasi leo." Nikarudi nyumbani namba ile inanizunguka kichwani. Mume wangu alikuwa amekwenda kununua vifungo. Nikaingia chumbani nikatoa gauni langu la kijani, lile alilonishonea kabla ya mapacha, ambalo nimelivaa kila siku ya maana tangu hapo, na kwa mara ya kwanza maishani nikaligeuza ndani nje.

Shangazi, pembeni kote kulia na kushoto kuna alama za mishono iliyofunguliwa, mstari wa matundu ya sindano, kando yake mwingine, kando yake mwingine, kila mmoja umesogea nje kidogo kuliko ulioutangulia. Mkono ni wa kwake, naujua mshono wake hata gizani. Na kitambaa cha akiba kilichoachwa ndani ya mshono kilipoisha, akaongeza utepe mwembamba chini ya kwapa hadi kiunoni, mahali mkono unapofunika, wa kitambaa kilekile cha kijani, ambacho sijui amekipata wapi kwa sababu duka lile lilikwishafungwa na rangi ile sijaiona tena sokoni. Nikageuza sketi, nikageuza blauzi, zote hivyohivyo. Kumbe sikuwa vilevile hata siku moja. Kumbe kila Jumamosi mume wangu alikuwa analiona tumbo langu linakua, analipima kwa macho, ananipanulia nguo, na kunitupia begani.

Sasa nashindwa kumtazama. Akiniita bosi naona ananicheka. Nikimwambia nataka upasuaji na akasema usifanye, uko vilevile, sitamwamini tena, nitaona ni uongo uleule. Na akisema fanya, akikubali upesi, basi nitajua kwamba miaka yote hii alikuwa analichukia tumbo hili na amevumilia tu, na hilo litaniua kuliko kisu. Kwa hiyo naona bora niende kimya, nirudi nimeshakuwa mwingine, naye akute nguo zote zimenipwaya ajue kwamba na mimi naweza kufanya jambo nyuma ya mgongo wake. Lakini jana huyu mdogo alinilalia tumboni nikajikuta namwomba radhi. Nampenda baba watoto wangu, Shangazi, hilo ndilo linalonichanganya. Niende? Nisiende? Nimwambie? Nimwambieje?

Ni mimi,
Fundi wa Magauni

* * *

Fundi wangu,

Nimecheka kwenye futi iliyovutika, nimecheka kwenye chaki, na nilipofika kwenye gauni la kijani nikaweka barua chini nikaenda kunywa maji. Umeniruhusu nikugombeze, basi nianze na hilo wakati bado nina nguvu.

Umemdanganya daktari. Kumdanganya mume ni ugomvi wa nyumbani, utaisha, lakini aliyeshika kisu anatakiwa aambiwe kweli tupu. Alipokuuliza nani atakuhudumia hakuwa anatafuta umbea. Nimempigia daktari wa upasuaji ninayemwamini, bila kumweleza wewe ni nani, nikamwuliza kuhusu mpango wako wa wiki moja. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Utaamka kutoka kwenye nusu kaputi ukiwa na mirija midogo ubavuni ya kutolea majimaji na mkanda wa kukubana tumbo, ambao utaishi nao wiki kadhaa. Siku za mwanzo hutaweza kunyooka. Utatembea umejikunja kama mtu anayetafuta pini sakafuni, utalala umekunja magoti, na kuinuka kitandani ni lazima mtu akushike. Na lazima utembee hivyohivyo, polepole, ili damu isigande miguuni, maana hiyo ndiyo hatari wanayoiogopa zaidi. Kubeba kitu kizito hakuna kwa muda wa wiki sita hivi. Kizito ni pamoja na maji, pamoja na jora la kitambaa, na pamoja na huyo mdogo wako anayetafuta mto.

Na ngozi si satini, mwanangu. Satini ukiikata haivuji damu, haivimbi, haina homa. Tumbo lako litavimba miezi, chini ya kitovu patakuwa na ganzi kwa muda mrefu, pengine kidogo itabaki, na kovu litakuwepo kutoka nyonga hadi nyonga maisha yako yote. Litafifia, halitafutika. Wengine mshono hufunguka, wengine huingiwa na vijidudu, ndiyo maana mtu anatakiwa awe na wa kumtazama kidonda. Sasa niambie, wewe ulitaka urudi kwenye chumba kimoja na mwanamume anayejua kiuno chako bila futi, umejikunja, umefungwa mkanda, huwezi kumbeba mwanawe, halafu umwambie ulikuwa unahamisha makabati ya dada. Hata mapacha wako wasingekuamini.

Kuna lile la kuzaa pia. Mimba nyingine itaivuta upya misuli aliyoishona daktari, kazi yote irudi ilikotoka. "Tumemaliza" uliisema wewe peke yako katika chumba ambacho mwenzio hakuwemo. Mwili ni wako, na kama wewe umemaliza, umemaliza, sitaki mtu akulazimishe. Lakini keti na mwenzio umwambie nimemaliza, asikie kwa masikio yake, aache kutania kuhusu mwenzake wa huyo wa kike. Huenda ni utani tu. Huenda sivyo. Hujui, kwa sababu hujauliza, nyie wawili mnajua kupima kila mtu isipokuwa ninyi wenyewe.

Sasa nimemaliza kugomba, sogea hapa.

Kulitaka tumbo lirekebishwe si dhambi na si majivuno. Misuli imeachana, mgongo unauma, umekimbia na kuacha chapati na haikusaidia, kwa sababu kukimbia hakurudishi ngozi iliyovutika. Daktari wangu amesema wanawake wa namna yako ndio hasa wanaofaidika, si wale wanaodhani huu upasuaji ni wa kupunguza unene, maana sio. Amesema pia kabla ya kisu ukamwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kuna mazoezi ya kuirudisha misuli hiyo karibu, yasiyo ya kukimbia wala ya kuinuka inuka kitandani, na kwa wengine mgongo hupona kwa hayo peke yake. Ngozi itabaki, lakini angalau utaamua ukiwa na nguvu na bila maumivu. Usiamue kwa sababu ya binti wa benki asiyejua kuweka mikono yake mahali pake. Yeye amevaa gauni lake, ameolewa, amekusahau. Wala usiende kumkomoa mtu. Tumbo ni lako, kumkomoa mume kwa kujikata wewe ni hesabu mbaya.

Tuje kwa huyo fundi wa suti. Nitamgombeza na yeye, msomee sehemu hii kwa sauti. Bwana fundi, ulikosea. Mkeo aliposema nguo zinamwingia akafurahi, ulitakiwa uwe na ujasiri wa kumwambia, mke wangu mwili umebadilika na nimeziongeza nguo zako, na hakuna kilichopungua kwangu. Ungeweza kusema maneno hayo Jumamosi yoyote. Ukaona rahisi kufumua mshono kuliko kufungua mdomo, na sasa mkeo anadhani miaka yote ulikuwa unamcheka. Hiyo "uko vilevile" yako ilikuwa uongo, na uongo wa mapenzi nao siku ukigeuzwa ndani nje unaumiza kama mwingine wowote.

Basi. Msomee mpaka hapo tu, yanayofuata ni yetu wawili.

Wewe mwenyewe umeniandikia jambo moja ukapita juu yake kwa hasira, nami nikarudi kulisoma tena. Umesema kitambaa cha ule utepe ni kilekile, na duka lilikwishafungwa, na hujui alikipata wapi. Mwanangu, wewe ni fundi. Kitambaa cha duka lililofungwa kinapatikana sehemu moja tu duniani, nayo ni kwenye masalio ya gauni lilelile siku lilipokatwa. Mwanamume huyo aliyakunja masalio yale kabla ya mapacha, kabla hujawa na tumbo lolote la kuzungumzia, akayaweka mahali, na kila mlipohamisha meza, na kila mlipofagia chumba, hakuyatupa. Fundi anayeficha masalio ya gauni anatarajia kulitunza gauni hilo muda mrefu. Alijua mwili wa mtu hubadilika, akajiandaa kukaa na wewe katika mabadiliko hayo. Mtu anayemchukia mkewe kwa sababu ya tumbo angeliacha gauni likubane, ungejua mwenyewe, na angenyamaza vilevile bila kushika sindano.

Umeniambia unaogopa majibu mawili, asipokubali na akikubali. Hayo yote ni majibu ya swali ulilomwuliza kichwani mwako, ukamjibia wewe, ukamkasirikia wewe. Mpe nafasi ajibu la kwake.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie daktari kesho asubuhi, mwambie ukweli kuhusu mume na kuhusu kuzaa, na umwombe asogeze tarehe. Hatakuchukia, atakushukuru. Mwambie dada yako asante, roho yake sasa itulie. Kisha ngoja Jumamosi. Mkishafunga mlango na kila mtu akachukua kikapu cha mwenzake, usimwambie habari ya upasuaji kwanza. Litandaze gauni la kijani kwenye meza ya kukatia, likiwa ndani nje, ule utepe ukiwa juu. Muulize, "Hiki kitambaa ulikitoa wapi?" Halafu nyamaza, na ninajua kwako hilo ni gumu. Mwache ahangaike, mwache atafute maneno, anastahili kuhangaika kidogo. Akimaliza, na wewe umweleze yako yote, binti wa benki, chaki, daktari mwenye miwani ya kamba, na uongo wa dada anayehama. Mwambie unataka nini na kwa nini. Mwambie na hofu zako mbili, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, kwamba akikataa hutamwamini na akikubali itakuuma. Mkiona inafaa, mwende wote wawili kwa daktari, aketi kando yako, aonyeshwe kidonda kitakuwa wapi na mirija itatoka wapi, aulize maswali yake ya kifundi. Nadhani ataanza na uzi.

Na huyo mdogo mwandae mapema. Mfundishe kupanda kitini mwenyewe na kuketi ubavuni kwako badala ya tumboni, mwambie mto unakwenda kurekebishwa. Watoto huelewa kurekebishwa, hasa wa mafundi.

Ukiamua usifanye, sawa, utakuwa umeamua mkiwa wawili na mgongo wako umepata mtu wa kuutibu. Ukiamua ufanye, basi siku ya kurudi kazini nguo zako zote zitakupwaya, na sheria yenu inasema fundi hajishonei. Mpe kikapu. Gauni la kijani alilipanua akiwa kimya, sasa alipunguze mkiwa mnaongea, na kitakachobaki msikitupe.

Shangazi yako